Risala ya Marafiki wa Kilima cha Penniman kwa Mzee Aliyetukatalia

Mgeni rasmi, Bwana Orrin Batchelder, mwenyekiti wa kamati ya bajeti ya mji wetu wa Hadlock tangu wengine wetu hatujazaliwa;

Mama Jeanette, mke wa mgeni rasmi, uliyetusaidia kumtoa mgeni rasmi nyumbani;

Msimamizi wa mkutano wa mji, pamoja na wajumbe wa halmashauri;

Majirani wote mliokuja na vyungu vyenu, na nyie mliokuja na vijiko tu, ambao pia tumewaona:

MAKARIBISHO

Karibuni sana. Sisi Marafiki wa Kilima cha Penniman tumefurahi kukuona hapa ukumbini, mgeni rasmi, tena umevaa tai. Tunazo habari kwamba mwaliko ulipofika ulimuuliza Mama Jeanette, "Hawa watoto wananitakia nini?" naye akakujibu, "Wanataka ule maharagwe, Orrin. Vaa sweta." Mama alisema kweli, ila hakuimaliza.

Kwanza tukuondoe wasiwasi. Hakuna senti ya mji iliyoingia kwenye chakula hiki. Kila chungu cha maharagwe kimeokwa jikoni kwa mwenyewe, na mkate wa kahawia pia. Hata leso za karatasi unazojifutia ni mabaki ya harusi ya binti wa Duane Rousseau, ndiyo maana zina majina ya maharusi wasioudai mji kitu.

Wapo waliotuuliza mitaani kwa nini mgeni wetu rasmi awe mtu yule yule ambaye mwaka jana alisimama mbele ya mji mzima akasema hapana. Kuna mmoja alituambia, "Mnamlisha simba?" Tukamjibu kuwa simba huyu anapenda pai ya tufaha. Lakini jibu lenyewe ni refu kidogo, nalo limo katika historia.

HISTORIA

Mgeni rasmi, kwa ruhusa yako, sehemu hii tutaisema kana kwamba hujakaa hapo mbele. Tutakuita Mzee Orrin, kama tunavyokuita ukiwa hupo. Majina mengine tunayokuita ukiwa hupo hatutayasoma.

Kilima cha Penniman ni cha Bi. Avis Penniman. Hiyo ndiyo karatasi inavyosema. Lakini mtoto wa Hadlock ambaye hajawahi kuteleza na kibao kwenye theluji ya kilima hicho, akagonga ukuta wa mawe kule chini, akalia, akapanda tena, huyo amehamia juzi. Wengine wanapenda miti tu, wengine wanapita na mbwa, na wengine, wakiongozwa na Duane, wanagema miti ya sukari iliyo upande wa jua, wanachemsha utomvu wake mpaka uwe shira. Bi. Avis hachukui kodi. Anachukua chupa moja ya shira, tena analalamika kuwa ni nyingi.

Huku kwetu mwenye ardhi asiyetaka watu wapite hupigilia vibao vya njano kwenye miti yake. Bi. Avis amepigilia kibao kimoja tu maisha yake yote, nacho kilisema: FUNGENI LANGO, NG'OMBE HAWAJUI KUSOMA. Ng'ombe wenyewe waliondoka zamani. Watu bado wanafunga lango.

Halafu macho ya Bi. Avis yakaanza kumwacha. Alituambia inaanzia katikati: unamwona mtu mabega na buti, lakini uso haupo. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa peke yake mwisho wa barabara ya udongo. Binti yake anayeishi mbali akamwambia, mama, uza, njoo. Kampuni ya ujenzi ikasikia kabla hata ya majirani, ikaja na ramani yenye nyumba kubwa kubwa mpaka kileleni. Bi. Avis akawapa chai, akawaambia, "Nitauliza kwanza mji wangu." Akautajia mji bei ndogo kuliko yao.

Sasa mji hauna fedha hizo mfukoni. Ili kununua, lazima ukope, ulipe polepole kwa kodi zetu. Na sheria ya hapa kuhusu kukopa haina mzaha: watu wanapiga kura ya siri kwa karatasi, na kati ya kila watano waliopiga, watatu lazima wawe wamesema ndiyo. Lazima uwepo ukumbini. Ukikaa nyumbani, huhesabiwi.

Mkutano wa mji wa mwaka jana ulikuwa Jumanne ya pili ya Machi, kama kawaida, katika ukumbi wa shule. Hoja yetu ilipangwa ya kumi na saba. Mbele yetu kulikuwa na gari la kuzoa theluji, paa la maktaba, na ile hoja ya kufunga mbwa kamba. Mnaikumbuka. Watu waliozaliwa pamoja wakaacha kusalimiana.

Bi. Avis hakwenda. Alisema haifai kukaa kwenye kiti wakati watu wanajadili bei yako. Alikuwa barazani kwake, na usiku uliotangulia ulikuwa wa barafu, na asubuhi hiyo jua likatoka kali. Wagema hawahitaji kuambiwa maana yake: utomvu unatiririka kwa wingi. Yeye haoni ndoo, lakini anazisikia, na alichosikia ni utomvu ukimwagika chini. Hakuvumilia. Akapiga simu shuleni. Karani akaingia ukumbini ananyata, akamnong'oneza Duane kwa sauti ambayo safu nne zilisikia: "Bi. Avis anasema ndoo zinafurika."

Duane akatazama ubao wa hoja. "Bado wako kwenye mbwa," akasema. "Tutarudi kabla ya kumi na saba."

Wakainuka mmoja mmoja, na mabuti yao, na wake zao, na wazee wao. Watu wanaokipenda kilima kuliko wote katika mji huu wakatoka kwenda kilimani, siku kilima kinapigiwa kura. Watu wa miji mingine wanakosa kura kwa kulala. Sisi tulikosa kwa mapenzi.

Dakika chache baadaye mtu mmoja akaomba mjadala wa mbwa ufungwe, na wote wakakubali kwa uchovu. Hoja ya kumi na saba ikafika. Mzee Orrin akasimama. Alisema mambo yake bila kupandisha sauti, na tutayarudia mbele kwa heshima. Sanduku likafunguliwa kwa saa moja, kama sheria inavyotaka. Yeye akapiga kura yake ya hapana, akarudi kwenye meza ya kamati, akakaa.

Ndipo alipoinua macho akaona viti.

Mzee Orrin anajua kila mtu anapokaa. Kwenye mkutano wa mji kiti chako ni kiti chako, hakina jina lakini mgeni akikikalia anatazamwa mpaka ahame. Na upande wa dirishani, pale wanapokaa wagema, palikuwa na makoti mawili na soda iliyoachwa. Alitazama saa ya ukutani. Alitazama mlango. Mtu mwingine aliyekuwa anashinda angekunja mikono na kunyamaza. Yeye alianza kukosa raha kama mtu aliyekalia funguo. Alikuwa ametaka kuwashinda, ndiyo, lakini wakiwepo.

Akasimama.

"Unakwenda wapi?" Mama Jeanette akamuuliza.

"Nimesahau kitu kwenye gari."

"Kitu gani?"

"Jeanette, kaa."

Akapanda pikapu yake, akashika barabara ya kilimani. Mnaijua barabara ile mwezi wa tatu. Juu inaonekana udongo, chini ni uji. Mtu aliyesimamia bajeti ya barabara kwa miaka yote hiyo, akakataa changarawe ya barabara ile mara mbili, aliingia humo mpaka chini ya milango. Akapiga honi. Hakuacha.

Duane na wenzake wakashuka mbio na ndoo mikononi, wakidhani nyumba inaungua.

"Duane!" Mzee Orrin akapaza sauti dirishani. "Kura imefunguliwa! Nyie mnafanya nini huku?"

"Tunagema, mzee. Wewe je, unafanya nini humo?"

"Nimekuja kuwaita mkanipinge, mjinga wewe!"

Wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, akakanyagwa mguu.

"Haya teremka, twende wote."

"Mlango haufunguki, na goti hili halitoki kwenye tope. Niacheni. Nina kahawa, nina redio. Nendeni!"

"Tukuache?" Marcy, mke wa Duane, akashika kiuno. "Mzee mzima, kwenye tope? Halafu Mama Jeanette tumwambie nini?"

"Mwambieni nimekufa nikitetea kanuni! Marcy, nakuomba, mbona mnanitazama? Kimbieni!"

"Duane, lete trekta."

"Nimesema nendeni!"

"Na sisi tumesikia, mzee. Funga dirisha, tope litakurukia."

Hapo juu barazani, Bi. Avis alikuwa ametoka na fimbo yake. "Nani huyo anayepiga honi kwangu?"

"Orrin, Bi. Avis! Amekwama!"

"Orrin Batchelder? Si ndiye anayenikatalia?"

"Ndiye!"

"Mvuteni taratibu," akasema. "Lile goti lake baya."

Wakamvuta taratibu. Trekta ikateleza, mnyororo ukakatika, wakafunga mwingine. Wakati wote huo Mzee Orrin alikuwa anatangaza saa kutoka dirishani kama kondakta wa treni, sauti ikizidi kupungua. Alipotoka, walimpakia kwenye tela pamoja na ndoo, wakashuka mpaka shuleni, wote wamepakwa tope mpaka nyusi. Walipoingia ukumbini, msimamizi, Gilman, alikuwa anamwaga karatasi za kura mezani.

"Gilman, fungua tena," Mzee Orrin akamwambia, anahema.

"Siwezi, Orrin. Saa moja ni saa moja. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Tulishindwa kwa kura nne. Kwenye tela walikuwa watu kumi na mmoja ambao hawakuwahi kupiga.

Mgeni rasmi, hapa tunakurudisha kwenye kiti chako. Hatukusema haya ili kukuaibisha mbele ya pai. Mji huu una watu wengi wanaotuunga mkono ambao siku ile hawakuchomoa hata mguu kuja kutuita. Wewe ulikuja. Ndiyo maana umekaa hapo.

MAFANIKIO

Tangu siku ile hatukulala. Bi. Avis alikubali kuwaambia wale wa kampuni wangoje mwaka mmoja, na wao kwa kuona bibi mwenyewe haoni, wakadhani mwishowe atawauzia tu. Jimbo limetupa ruzuku. Watu wametoa walichonacho, pamoja na watoto wa darasa la tatu waliouza biskuti ambazo kwa kweli tulizinunua kwa huruma. Kwa hiyo mkopo tunaouomba mwaka huu ni nusu ya ule wa mwaka jana. Nyumba ya kawaida itaongezewa kodi kwa mwaka kiasi cha bei ya galoni moja ya shira, kwa bei ya Duane anayouzia watalii, siyo ile ya majirani.

Tena barabara ya kilimani imemwagwa changarawe. Hatutaji ni mwenyekiti gani wa kamati gani aliyeipitisha safari hii bila kusema neno.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mwaka jana ulisema maneno haya, na tumeyaandika kama ulivyoyasema: "Kilima hakisimami kwenye duka la dawa kikichagua kati ya vidonge na kodi. Watu wanasimama. Nawajua kwa majina, na hawatawaambia nyinyi." Wengine wetu tulikasirika. Tulidhani huoni uzuri wa miti. Baadaye tukagundua kwamba wewe ulikuwa unatazama kitu kingine ambacho sisi hatukukiona, na hicho pia kiko Hadlock.

Tulikwenda kubisha hodi. Tulianzia barabara ya kinu, tukapita nyumba za wazee mmoja mmoja, tukala biskuti za zamani sana. Ulisema kweli. Wapo. Sheria inawaruhusu wazee wa kipato kidogo kupunguziwa kodi, lakini wengine hawakujua, na wengine walijua wakaona aibu kwenda kuomba dirishani kwa karani wanayemjua tangu akiwa mtoto. Sasa vijana wetu wanakwenda nao, na njiani wanazungumza habari za besiboli, ili isionekane kama ni safari ya kuomba. Hatusemi tumemaliza tatizo. Tunasema wewe ulituonyesha mlango, na tumebisha.

Changamoto ya pili ni hali ya hewa. Redio inasema Jumatatu usiku barafu, Jumanne ya mkutano jua. Duane ameapa mbele ya Marcy kwamba ndoo zifurike, mitaro ijae, kilima kizima kinate sukari, yeye hatoki ukumbini. Tumemwomba Marcy akae upande wa nje wa safu.

Changamoto ya tatu haina utani ndani yake. Bi. Avis anahamia kwa binti yake mwezi ujao. Vyombo vya jikoni vimeshafungwa, amebaki na kikombe kimoja na kijiko. Kampuni imemwambia mwisho wa Machi ndio mwisho wa kungoja, na yeye anahitaji fedha hizo ili atunzwe. Hakuna mwaka wa tatu. Ikishindikana Jumanne, atauza, na hakuna hata mmoja wetu atakayekuwa na haki ya kumlaumu.

MAOMBI

Kwa msimamizi wa mkutano: tunaomba hoja ya kilima isogezwe iwe ya kwanza, kabla ya jua kupanda. Mbwa wangoje.

Kwa majirani wote: njooni. Leteni nyuzi zenu za kufuma, leteni watoto, leteni uji kwenye chupa. Pigeni kura ya ndiyo kwa mkopo huu. Tutaulipa pamoja, na wanaoteleza leo watasaidia kuulipa wakishakua, wakiwa bado wana mahali pa kuwaleta watoto wao. Hatuombi mji ununue mandhari. Tunaomba ubaki na mahali pamoja ambapo mtu anaingia bila kuulizwa yeye ni nani.

Kwako, mgeni rasmi. Hapa ndipo Mama Jeanette alipoishia alipokuambia habari za maharagwe.

Alhamisi tulikwenda kwa Bi. Avis kumsomea risala hii ilipokuwa imefika hapa. Alisikiliza amefumba macho, akacheka tulipofika kwenye habari za trekta, akatuambia maneno ni mengi. Halafu akasema, "Mwaka huu nitakuja kupiga kura yangu. Nani ataniandikia karatasi?"

Sheria inamruhusu asiyeona kuchagua mtu wa kumwandikia. Sote tulinyoosha mikono. Tukakumbuka kuwa haioni, tukasema, "Mimi, Bi. Avis! Mimi!"

"Si nyinyi," akasema. "Nataka Orrin."

Tukamwambia, "Bi. Avis, Mzee Orrin ni hapana."

"Najua ni hapana, mimi ni kipofu si kiziwi. Ndiyo maana namtaka. Nyinyi mkiniandikia ndiyo, mtakuwa mmeandika mnachokitaka wenyewe. Orrin akiniandikia ndiyo, nitajua ni yangu."

Kisha akatuuliza kama bado unapiga miluzi ukiwa unafikiri. Tukamwambia bado.

Basi, mgeni rasmi, hilo ndilo ombi letu kwako, na hatuna jingine. Hatukuombi usimame utuunge mkono. Hatukuombi ukae kimya pia. Yanayokuchoma yaseme, tutakuwepo safari hii, na tutasikiliza. Karatasi yako ni yako, na hakuna atakayekuuliza, wala kukutazama unapokwenda kwenye sanduku. Tunakuomba ya Bi. Avis. Atakuwa kiti cha kwanza karibu na njia, na koti la kijani. Hatauona uso wako, kwa hiyo itabidi umtajie jina. Atakupa penseli. Mwandikie neno lake, kunja karatasi, mwekee mkononi mwake, halafu mshike kiwiko mpaka sandukuni, kwa sababu pana ngazi moja pale.

HITIMISHO

Mwenyezi Mungu akuweke, Bwana Orrin, wewe na Mama Jeanette. Awaweke watakaosema ndiyo, na watakaosema hapana, na awafikishe wote ukumbini mapema. Ampe Bi. Avis Penniman nyumba yenye joto huko aendako, na watu wa kumwambia kukipambazuka. Na pai ya mwisho pale mezani ni yako, tumeizuia tangu saa kumi na moja.

Ni sisi majirani zako,

Marafiki wa Kilima cha Penniman,
Hadlock, New Hampshire.